Maneno ya Afisa Kinywani Mwangu

Juzi darasani msichana mmoja aliniuliza maana ya neno la Kiingereza, cant. Nafundisha Kiingereza hapa Awendo miaka mingi sasa, na hilo neno silipendi. Nikamwambia ni mwinamo, kitu kulala upande. Pia ni lugha ya watu wa kazi moja, ile ambayo mtu wa nje haambulii kitu. Na pia ni maneno matamu, hasa ya dini, ambayo msemaji mwenyewe hayaamini. Akauliza neno moja linabebaje yote hayo. Nikamwambia aandike tu, kengele inakaribia kulia.

Yote matatu nilikutana nayo tulipompoteza baba.

Baba alikuwa loda. Alipakia miwa kwenye matrela, na kazi yake hasa ilikuwa kukaa juu ya mzigo akiipanga huku wenzake wakimrushia. Trela likiinama, wao walisema limekunywa. Likishakunywa, mtu hapandi. Siku moja lilianguka naye shambani. Nilipokwenda mochari Homa Bay kuchukua mwili, nilimkuta loda mwenzake ananingoja, mkono umefungwa plasta.

"Mwalimu, lile trela lilikuwa limekunywa kabla hatujaweka hata muwa mmoja," akaniambia. "Msimamizi ndiye alisema liegeshwe pale kwa mteremko. Mzee alikataa kupanda. Akaambiwa apande ama arudi kwake."

Nilimshukuru, nikaenda kutia sahihi fomu. Sikulia. Nilikuwa nimekufa ganzi, na nilidhani hiyo ndiyo nguvu.

Nyumbani, upande wa Ndhiwa, habari nyingine ilikuwa imetutangulia: kwamba mzee alipanga miwa vibaya, akajiua na kumvunja mwenzake mkono. Ilimtafuna mama. Aliniambia hataki mume wake aingie kaburini na lawama hiyo. Kampuni ya usafirishaji iliyomwajiri ingetuma mtu mazishini, na mama alitaka kusikia kwa mdomo wao kama ni kweli. Ningeweza kumwambia ya mochari saa ile ile. Lakini wageni walikuwa wamejaa, hema zinafungwa, nikasema nitamwambia baadaye.

Kwetu mgeni asiyejua Dholuo akihutubia mazishini, husimama na mkalimani, na mkalimani husema "mimi" pale mgeni aliposema "mimi". Haongezi, hapunguzi. Binamu yangu aliyeizoea kazi hiyo alikuwa amekauka sauti kwa kuimba. Mfawidhi wa shughuli akashika maikrofoni: "Si tuko na mwalimu wa Kiingereza ameketi hapo? Tunatafuta mtu wa nini?" Hakuna anayempa mfiwa kazi hiyo, lakini watu wakimwona mwalimu husahau kwamba naye ana baba. Nikasimama.

Afisa wa kampuni alikuwa na suti na karatasi. Alianza na Mungu, kwamba Mungu huchuma ua lililo zuri. Nikatafsiri. Akasema kampuni ni familia moja. Nikatafsiri. Kisha akasoma kwa Kiingereza: "Tathmini yetu ya awali inaonyesha kulitokea hitilafu ya kibinadamu kwa upande wa upakiaji."

Maneno kama hayo hayana Dholuo. Ningeyaacha makavu vile vile yalivyo, yangepita hewani na mama asingeambulia kitu. Lakini mimi ni mwalimu, kitu kigumu nakirahisisha. Nikasema kwa Dholuo, kwa sauti, wazee wa nyuma wasikie: "Tumechunguza, tukaona aliyepanga miwa ndiye aliyekosea."

Afisa aliitikia kwa kichwa, akaendelea. Loda wa plasta alikuwa mstari wa pili, akatazama chini. Mama alinitazama mimi, si afisa. Baadaye watu walinisifu, wakisema kweli masomo ni kitu, kila neno limefika. Nilikula wali nikashiba.

Nilimwambia mama ukweli wiki iliyofuata, akiwa jikoni anachambua omena. Nikamweleza mteremko, msimamizi, yote. Mikono yake haikusimama.

"Ulijua haya siku ile umesimama pale?"

"Nilijua, Mama."

"Basi ungesema pale, watu wakiwepo. Hapa jikoni tunamwambia nani?"

Aibu naisikia hadi leo, lakini kwa mbali, kama jino lililochomwa sindano.

Siku hizi mama ana presha, na kila mwezi nampeleka kliniki Homa Bay. Tunakaa benchi moja, mimi nimeshika kadi yake. Jina lake likiitwa tunaingia pamoja. Daktari akianza kueleza kwa Kiswahili, mama hugeuka mlangoni, akamwita mwanamke yeyote aliye kwenye foleni, mtu ambaye hajawahi kumwona. "Nyathina," humwambia, yaani mwanangu, "njoo uniambie huyu anasema nini." Na mimi husogea kando kumpisha.