Forosadi Nyeusi na Kanzu za Harusi ya Koboko

Nitawasimulia, kwa sababu mmeniuliza mbele ya mke wangu na yeye ameshaanza kucheka, lakini mjue kabisa kwamba habari hii mpaka leo nikiikumbuka nikiwa peke yangu uso unaniwaka, na kama ingewezekana mtu kufua siku moja akaitoa katika maisha yake, mimi ningeifua ile.

Wakati huo nilikuwa dobi pale mtaa wa Oli, mjini Arua. Nilikuwa na meza, pasi ya mkaa, kamba ya kuanikia, na jina. Jina ndilo lililoniharibu. Sabuni ilikuwa imekuwa kitu cha kutafutwa kama dawa, maduka ya Wahindi waliofukuzwa nchini yalikuwa yamefungwa au yamepewa watu waliokuwa hawajui hata bei ya chumvi, lakini mimi nilikuwa na mama mmoja Mkongo aliyekuwa akiniletea vipande vya sabuni kutoka ng'ambo ya mpaka, na wanga nilikuwa najichujia mwenyewe kutoka muhogo wa Ayivu, kwa hiyo nguo nyeupe ikitoka mikononi mwangu ilikuwa nyeupe hasa, inasimama yenyewe. Watu walisema hivyo. (Mimi pia nilisema hivyo, na kwa sauti.)

Tatizo langu lilikuwa jua. Kupiga pasi ya mkaa saa saba mchana katika jua la Arua ni kujipiga pasi mwenyewe, ndipo nikaamua kupanda mti wa kivuli karibu na meza. Sasa, nyuma ya duka moja lililoachwa na Mhindi kulikuwa na miforosadi, na mwenye duka mpya alikuwa anaikata ajenge stoo, akaambia watu wachukue vijiti wanavyotaka, kwa sababu mforosadi ukichomeka kijiti chake ardhini wakati wa mvua unashika bila kubembelezwa. Nilikwenda na mke wangu, Mama Candiru. Miti ilikuwa ya namna tatu. Mmoja ulizaa matunda meupe, matamu sana lakini hayana sura, yanafanana na funza walioshiba. Mmoja ulizaa matunda meusi, marefu, yanang'aa, ukiyashika tu vidole vinakuwa vyekundu, kisha vya zambarau, siku nzima. Na mmoja haukuzaa kabisa, ule wa kiume, majani mapana tu na kivuli kizito.

Mama Candiru aliutazama ule wa tatu, kisha akanitazama mimi.

"Hii ndiyo ya meza," akasema. "Ile nyeupe tunapanda nyuma ya jiko, ya watoto. Ile nyeusi hapana peleka kwa dobi, Baba Candiru. Itachafua."

Mwanamke alikuwa amemaliza kila kitu hapo. Mtu mwenye akili angekata vijiti akaenda nyumbani. Lakini jirani zangu wawili walikuwa wamesimama pale nao wanachagua, na mmoja akacheka kidogo, akauliza kama kweli mwanaume anaweza kupanda mlangoni kwake mti usiozaa. Hakuwa na ubaya, alikuwa anatania tu. Mimi nikasikia kama ameniuliza habari za nyumba yangu. Nikatoa kisu, nikakata ule mweusi. Nikasema matunda meusi yana damu, yana nguvu, wateja watakula wakisubiri nguo zao, na kuhusu uchafu, nani ajuaye kutoa doa zaidi ya dobi? Mke wangu alibeba kikapu chake akatangulia mbele.

Mti ukashika. Ukakua kwa haraka ya kutisha, kivuli kikaja, matunda yakaja, wateja wakala kweli, na mimi nilikuwa nakaa chini yake nikijiona mtu mkubwa. Doa dogo la hapa na pale nilikuwa nalitoa kwa kusugua tunda bichi la mti uleule (ndiyo, lile la kijani linatoa doa la lililoiva, msiniulize kwa nini), halafu sabuni, na mwenye nguo hakujua kitu.

Sasa akaja Sajini Khamis. Alikuwa mzee wa Koboko aliyestaafu jeshi, mtu wa maneno machache, na mwanawe Ramadhani alikuwa anaoa Ijumaa. Aliniletea kanzu za bwana harusi, zake mwenyewe na za wajomba, zote nyeupe, kitambaa kizuri cha zamani ambacho kwa miaka ile ukikiharibu huwezi kukipata tena mahali popote. Akasema, "Bwana dobi, mimi napita madobi wote wa Koboko kuja kwako." Nilimwambia asiwe na wasiwasi, nitazileta mimi mwenyewe Ijumaa asubuhi, mkononi.

Nilizifua kama ninafua roho yangu. Ijumaa asubuhi nilipiga pasi ya mwisho, nikatandika shuka juu ya meza, nikazipanga kanzu juu ya shuka zipoe, kisha nikaenda kuoga na kuvaa shati langu jeupe, maana nilitaka nifike Koboko nimefanana na kazi yangu. Nikiwa bafuni upepo ulipita. Niliusikia. Nikafurahi hata, nikasema baridi hii nzuri. Nilipotoka, lori la Koboko linapiga honi barabarani, sikutazama chochote, nilikunja juu juu macho yakiwa kwenye lori, nikashika pembe nne za shuka, nikafunga fundo, nikakimbia.

Ndani ya lori tulibanana na magunia ya muhogo, na barabara ya Koboko mnaijua. Nilikumbatia kile kifurushi kifuani kwa mikono miwili ili vumbi na magunia yasikiguse, na kila lori liliporuka shimo mimi nilikibana zaidi. Tulipopita Maracha mama mmoja aliyekaa mbele yangu, amebeba kuku, akawa ananitazama kifua, anageuza macho, anatazama tena. Mwishowe akainama.

"Baba," akasema polepole, "wewe natoka damu."

Nikatazama chini. Shati langu lilikuwa jekundu tangu kifuani mpaka tumboni. Nilijua mara ile ile ni nini, na kama rangi imefika kwangu basi imepita kwenye kanzu zote. Nilikuwa nimefunga shukani matunda yote yaliyoangushwa na upepo, nikayakamua mwenyewe, kwa mikono yangu, kutoka Arua.

Na kabla sijafikiri nifanye nini, lori likasimama kwenye kizuizi cha askari.

Mnajua miaka ile ya utawala wa askari. Hakuna mtu aliyefanya mzaha na damu. Askari alipanda, kijana mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi, akaniona, akanishusha mimi na kifurushi changu.

"Hii damu iko ya nani?"

"Afande, hii hapana damu. Iko forosadi."

"Forosadi nani?"

"Forosadi tu, afande. Iko nyumbani kwangu, Oli."

"Yeye iko mzima?"

Nikasema ndiyo, iko mzima, imesimama mlangoni. Kinywa kilikuwa kinasema kitu chochote kinachokuja, na ndipo nikaona kwamba mtu huyu anadhani Forosadi ni mtu, na kwamba mimi nimeshakubali kuwa damu ni yake. Nikajaribu kurekebisha. Nikasema ni mti, afande, mti wa Mhindi, matunda yake yanaanguka. Akauliza kama mti unatoka damu. Nikasema ule mweusi ndiyo, mweupe hapana. (Fikirini. Mtu anakaribia kupigwa, na mimi namweleza habari za namna za miforosadi.)

Akafungua shuka. Kanzu ya juu ilikuwa ya bwana harusi, na doa lilikuwa kifuani, upande wa kushoto, kubwa kama sahani. Askari akarudi nyuma hatua moja. Akauliza nguo za nani. Nikamwambia za Sajini Khamis, za harusi ya leo. Nikaona uso wake umebadilika, kwa sababu Sajini Khamis alikuwa amewahi kuwa mkubwa wake kazini, na ninadhani hapo aliogopa kuliko mimi. Hakunipiga. Alipanda kwenye lori pamoja nami, bunduki katikati ya magoti, akasema tutakwenda kumuuliza mwenyewe.

Ndivyo nilivyoingia kwenye harusi ya Koboko. Uwanja umefagiwa, mikeka imetandikwa, wageni wamejaa, wanawake wanapakua chakula, na wote walikuwa wanamngojea dobi wa Arua na kanzu zake. Akaingia askari. Nyuma yake nikaingia mimi, shati lote jekundu. Na yule askari, hakujua, Mungu amsamehe, aliishika ile kanzu ya bwana harusi mabegani akaiinua juu ili Sajini aione vizuri.

Mama wa Ramadhani alikuwa anatoka jikoni na sinia. Aliiona kanzu ya mwanawe aliyoishona kola yake kwa mkono wake, aliona lile doa mahali pa moyo. Sinia lilishuka kwanza, kisha yeye akakaa chini, pale pale juu ya wali, na sauti iliyomtoka sijaisikia tena kwa mtu. Wanawake wakaanza kulia kabla hawajajua wanamlilia nani.

Ramadhani mwenyewe alikuwa bafuni. Alitoka na taulo kiunoni, povu usoni, anauliza, "Mama, iko nini? Mama?" Mama yake akamtazama kama hamwoni. Ilibidi mama ashike mkono wa mwanawe, aushike kwa nguvu, ndipo akaamini.

Mimi nilikuwa nasema maneno, sijui maneno gani, hakuna aliyesikiliza. Aliyetuokoa alikuwa nyanya yake bibi harusi, Hajia Zainabu, aliyekuwa amekaa Sudani miaka mingi. Alisogea, akaishika kanzu, akainusa, akagusa doa kwa kidole na kukitia ulimini mbele ya watu wote.

"Hii tut," akasema, kwa jina lake la kule Sudani. "Matunda. Iko tamu."

Watu wakacheka, si mara moja, walicheka kidogo kidogo kama mvua inayoanza, na hata askari akacheka akaomba maji ya kunywa. Sajini Khamis hakucheka. Alinijia, na mimi nilitamani anitukane, kwa sababu mtu akikutukana mnagawana aibu. Akanivuta pembeni, akasema kwa sauti ya chini:

"Bwana dobi, mutu nyingi naona damu katika nyumba yangu leo. Kesho watasema maneno barabarani, na wewe najua siku hizi maneno napeleka mutu wapi. Simama pale. Sema wewe nani, na hii nini. Sema mpaka yule wa nyuma nasikia."

Basi nikasimama katikati ya mikeka. Nikasema jina langu na jina la baba yangu. Nikasema mimi ni dobi, nimeotesha mforosadi mweusi kando ya meza ya kupigia pasi, mke wangu alinikataza, matunda yameanguka katika nguo za watu na mimi nikayakamua bila kujua. Mzee mmoja wa nyuma akasema hakusikia. Nikarudia yote. Alipoambiwa na jirani yake kwamba mke alinikataza, akasema, "Aha," akatikisa kichwa, ameridhika.

Kanzu ya kuazima iliyomtosha Ramadhani haikupatikana, kwa hiyo alivaa ileile, na juu yake koti zito la jeshi la baba yake, limefungwa vifungo mpaka shingoni, katika joto la Koboko la mchana. Nilikaa nyuma kabisa nikamwona akifungishwa ndoa huku jasho linamchuruzika masikioni. Walinipa chakula kama wageni wengine. Sikukimeza.

Zile kanzu nilirudi nazo, nikazisugua kwa forosadi bichi na kipande changu cha mwisho cha sabuni mpaka vidole vikachubuka, na zikatoka karibu zote. Ya Ramadhani ilibaki na kivuli, kama ramani ya nchi ndogo. Sajini alizipokea, akashukuru kwa adabu, na hakuniletea nguo tena. Watu wa Koboko wakaniita Baba Forosadi, na kwa muda mrefu mteja akifika mezani alikuwa anatazama juu kwanza kabla hajanikabidhi shati.

Mti niliukata wiki ileile. Mama Candiru alikwenda tu nyuma ya lile duka la Mhindi, na kwa bahati kisiki cha ule usiozaa kilikuwa kimechipua. Akarudi na vijiti, akavichomeka yeye, pale penye meza.

Sasa watu wanaotaka forosadi nyumbani huja kuniuliza, na mimi huwajibu vizuri: nyeupe kwa watoto, wa kiume kwa kivuli, nyeusi mbali kabisa, mwisho wa shamba, mahali ambapo hata ng'ombe mweupe hapiti. Wanacheka, nami nacheka nao. Lakini nikifika pale mama yule alipokaa chini, sauti yangu hupungua, sijui kwa nini huwa siwezi kupaharakisha. Nilichoapa ni kidogo tu: nikisikia mtu ananicheka nikiwa nachagua jambo, naweka kisu chini, narudi nyumbani, nachagua kesho.