Zambarau Chini ya Ukuta wa Jikoni

Mama Émérence alikuwa fundi wa kutia vitambaa rangi, na mtaani kwao mjini Likasi watu walimjua kwa vidole vyake: leo vya njano, kesho vya buluu. Tangu mishahara ya kiwanda cha shaba ianze kukatika, vitambaa hivyo ndivyo vilivyoilisha nyumba. Mumewe, Magloire, bado alikwenda kazini kwa baiskeli, lakini jioni alirudi na habari tu.

Mwaka wa 1994, ukuta wa jikoni ulipasuka. Mwanzoni ufa ulikuwa mwembamba kama uzi. Kufikia mwezi wa nane mkono mzima ulipita ndani yake, na sakafu ilikuwa imezama upande mmoja. Nje, chini ya ukuta, kulikuwa na tope, na mvua haijaonekana tangu mwezi wa nne!

“Haya maji yanatoka kwa lile bomba la maji machafu,” Émérence alimwambia mumewe. “Linapita hapo juu, nyuma yetu.”

Alikwenda mara tatu kwenye ofisi ya kampuni iliyosimamia mifereji ya mji. Mara ya tatu, mkuu wa mabomba, Bwana Godefroid, hakuinua hata macho.

“Mama, bomba yetu iko muzuri. Ni choo yenu ile.”

“Shefu, choo yetu iko upande ingine!”

“Basi ni mchwa.”

Mchwa! Émérence alitoka kwa hasira. Hakufika hata kwenye kona. Alisimama ghafla, akajitazama vidole, akacheka peke yake barabarani, kisha akarudi ofisini mbio.

“Shefu, kuya kwetu kesho saa tatu asubuhi. Kuya na macho tu. Ukikosa kuona kitu, miye sitarudia hapa tena.”

Godefroid alikubali upesi. Ahadi ya mwisho ndiyo iliyompendeza.

Siku hiyo Émérence alichagua rangi kwa makini. Nyekundu ingefanana na udongo. Kijani wangesema ni mawe ya shaba. Buluu wangesema ni maji ya kufulia. Akachemsha zambarau, ndoo mbili, nzito kama uji.

Asubuhi mtaa mzima ulikuwa nje. Mfanyakazi wa kampuni alifunua kifuniko cha chuma juu ya bomba, Émérence akamimina ndoo zote mbili, na Magloire akafuatiza maji. Jirani yao Gertrude alipiga magoti chini ya ukuta uliopasuka, uso karibu uguse tope.

Robo saa ikapita. Nusu saa. Godefroid alitazama saa yake, akaanza kukunjua mikono ya shati kama mtu anayeondoka.

“Inatoka!” Gertrude alipiga kelele. “Inatoka, Mama! Angalieni!”

Watu wakasukumana. Kweli, tope lilikuwa likigeuka, kwanza kamstari, kisha dimbwi zima la zambarau inayong’aa chini ya jikoni! Vigelegele vikapasua asubuhi. Magloire, mtu mpole asiyeinua sauti, alimrusha mkewe juu. Godefroid alichutama, akachovya kidole, akakitazama.

“Mama,” alisema, “nilikosa. Mchwa haina rangi hii.”

Kesho yake walichimba. Bomba la udongo lilikuwa limeachana kwenye maungio, na maji yake yalikuwa yamesomba udongo chini ya jikoni na kuacha shimo la kutosha pipa zima. Kampuni haikuwa na mabomba mapya. Godefroid alizunguka ghala hadi ghala siku nne, akapata ya chuma, marefu na mazima. Mafundi wake walijaza shimo kwa mawe na saruji, wakajenga msingi upya kipande kwa kipande ili nyumba isiporomoke, kisha wakauinua ukuta. Magloire na majirani walibeba mawe bila kuitwa.

Siku ukuta ulipokamilika, Émérence alisonga bukari, yaani ugali wao, akaunga dagaa wa kapenta kwa nyanya, akamketisha Godefroid kati ya mafundi wake. Gertrude akaanzisha wimbo wa kanisani, Émérence akauitikia kwa kupiga makofi, na kabla saruji haijakauka vizuri wanawake wawili hao walikuwa wakicheza jikoni, huku Magloire akiwasihi kwa kicheko, “Polepole, polepole, mutatoboa sakafu!”