Vidonge Viwili na Mkono wa Mama Mkwe

Jamani, hii naona haya hata kuisema, lakini afadhali muisikie kwangu kuliko kwa shemeji zangu. Ni mimi, Kamau wa kukausha mahindi hapa Kitale, niliyeenda Tongaren kujitambulisha kwa wazazi wa Nekesa, mchumba wangu, bila kulala siku mbili (mashine iliharibika, na mvua haingoji mtu).

Nekesa alikuwa ameniandikia karatasi: majina ya wazee wanne, na chini yake, kwa kalamu nyekundu, nisimpe mama yake mkono, kwa sababu huko kwao mkwe hashikani mkono na mama mkwe kamwe. Saa tatu za kulala nilikuwa nazo, lakini dereva mmoja wa lori akanipa vidonge vyake viwili vya kukesha, na mimi na ujanja wangu nikaona heri nisome karatasi. Nikaisoma mara ishirini, macho makavu kabisa, nikajiona nina akili kuliko daktari (kumbe macho kuwa wazi si kichwa kushika).

Mimi na Nekesa tulipofika kwao, nikatafuta jina la mzee wa kwanza kichwani, halipo. La pili, halipo. Nikaogopa, na mimi nikiogopa husalimia watu, basi nikasalimia kila aliyekuwepo kwa mikono miwili, hadi mama mmoja aliyekuwa akipita mlangoni ameinamisha kichwa, nikamkimbilia nikamshika mkono nikautikisa vizuri. Nekesa akafunika uso.

Baba yake akauliza polepole, "Kijana, huyo unajua ni nani?"

"Si ni shangazi?" nikasema.

Wazee wakatoka nje kushauriana, na huku nyuma nguvu ya vidonge ikaisha. Waliporudi walinikuta kwenye kiti cha mzee, nakoroma ndani ya nyumba ya mama mkwe, jambo ambalo pia ni mwiko (lilikuwa kwenye karatasi, upande wa nyuma).

Nilipoamshwa, mama mkwe alisema kutoka jikoni, "Mwambieni aende kwao alale. Akishalala, arudi na mbuzi tuanze upya."

Nilirudi baada ya wiki mbili, na mbuzi, usingizi umenitosha, bila karatasi. Wazee wote wanne niliwataja. Mama mkwe alinisalimia kutoka ng'ambo ya ua, nikaitika, mikono yote miwili nimeitia mfukoni. Siku hizi yule dereva hata akinipa peremende, sili.