Kumtafuta Marehemu wa Burma

Nilikwenda Nairobi kwa sababu mama yangu alimwona ndugu yake amekufa kwenye televisheni.

Tunakaa Voi, mimi na mama. Mimi nafundisha chekechea. Televisheni yetu ni ndogo, ya picha nyeusi na nyeupe, na inatumia betri ya gari. Miaka ile ya tisini kulikuwa na igizo moja la majambazi wa Eastlands ambalo kila mtu alilitazama Alhamisi jioni. Majirani walijaa sebuleni kwetu mpaka wengine wakakaa kizingitini. Alhamisi moja, polisi wa igizo hilo walifunua kanga iliyomfunika mtu aliyepigwa risasi nyuma ya soko. Uso wake ulionekana kidogo tu, kisha wakaufunika tena. Mama alisimama katikati ya watu.

"Huyo ni Mwadime," alisema.

Mwadime ni mdogo wake wa mwisho. Wazazi wao walifariki yeye akiwa mtoto, na mama ndiye aliyemlea. Alipokuwa mtu mzima alikwenda Nairobi kutafuta kazi ya kiwandani. Mwanzoni alikuwa anakuja kila Krismasi, halafu akaacha, na kwa miaka mingi hatukusikia habari zake. Wapo waliosema amefungwa. Wapo waliosema amezikwa na serikali kwa kukosa mwenyewe.

Majirani walipoondoka nilimkumbusha mama kwamba yale ni maigizo. Hakunikatalia.

"Najua ni mchezo," alisema. "Lakini kama ni yeye aliyelala pale, basi alipomaliza aliamka akaenda mahali. Nenda ukaone ni wapi."

Wiki mbili baadaye, Ijumaa asubuhi, nilipanda basi la Nairobi. Shule zilikuwa zimefungwa. Tulisimama Mtito Andei kunywa chai, na mama mmoja tuliyekaa naye kiti kimoja akaniuliza nafikia wapi. Nilipomtajia Eastlands aliniangalia masikioni. "Vua hizo hereni, mwanangu," alisema. "Huangalii televisheni?" Nilizivua nikazitia kwenye mkoba. Kuanzia Emali nchi ilikuwa kavu na ng'ombe walikuwa wembamba. Tulipokaribia mabohari ya viwandani hewa ilianza kunuka moshi na ngozi mbichi, na abiria wakaanza kufungua mikoba kuhakikisha vitu vyao vimo.

Mchana, kituoni, nilipokewa na Nafula. Tulisoma naye chuo cha ualimu. Kwao ni Kakamega, ameolewa, na anakaa mtaa wa Tena, karibu na Umoja. Nilikuwa nimempigia simu shuleni kwake kabla shule hazijafungwa, kumweleza shida yangu, naye alicheka kabla ya kunihurumia.

Katika igizo, Eastlands ilikuwa kuta zenye matundu ya risasi na vijana waliovaa makoti marefu juani. Tena niliyoiona ilikuwa na malango ya mabati yaliyopakwa rangi ya kijani, wanawake wakikatakata sukuma wiki kwenye vibaraza, na kwaya ikifanya mazoezi ndani ya chumba ambacho siku nyingine ni kinyozi. Vijana walikuwapo pia, wameegemea ukuta. Mmoja alisema, "Niaje, madam," Nafula akajibu, "Poa," na mambo yakaishia hapo.

Jioni tulikula ugali na mboga za kienyeji. Nafula anafundisha shule iliyo karibu na Soko la Burma, na aliwaona watu wa televisheni walipokuja kupiga picha.

"Walikuja na rangi nyeusi wakauchafua ukuta wa shule yetu," alisema. "Ulikuwa ukuta safi kabisa. Kisha wakazunguka nyumba kwa nyumba wakiwaomba akina mama waanue nguo na waondoe maua, eti hayafai. Mama mmoja aliwauliza, hayafai kwa nani?"

"Na yule maiti?"

"Yule simjui. Lakini pale Burma hatukosi anayemjua."

Jumamosi asubuhi tulikwenda Burma. Ni soko la nyama. Mabucha yamepangana, mbuzi wananing'inia, na nyuma yake kuna majiko ya nyama choma ambayo moshi wake unawafikia walio barabarani kabla hawajaliona soko lenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kuuliza mambo kwa kuzunguka, lakini Nafula alisimama mbele ya bucha la kwanza na kumwambia mwenye kisu, "Tunamtafuta yule mtu aliyeigiza maiti."

"Marehemu?" mchinjaji alisema bila kuinua macho. "Si alikuwa hapa saa hii tu? Amechukua matumbo yake akaenda."

Nilishika ukingo wa meza. Mchinjaji akaniona.

"Wewe ni nani wake?"

"Ni mjomba wangu."

Alikiweka kisu chini na kuipangusa mikono. Aliniambia kwamba tangu igizo lionyeshwe hakuna anayemwita mjomba wangu jina lingine. Watoto humsalimu "Marehemu, sasa?" naye huitikia. Kisha akatuelekeza nyumba yake upande wa Kaloleni, mstari wa pili kutoka kwenye bomba la maji.

Kaloleni ni mtaa wa zamani wenye miti mikubwa na nyumba za chini. Mlango tulioelekezwa ulikuwa wazi, umetundikwa pazia. Tulipiga hodi. Aliyetoka alikuwa mwanamke mwembamba aliyejifunika mtandio, mikono yake ina unga. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, laini kuliko changu.

"Karibuni," alisema. "Mnamtaka nani?"

Kabla sijajibu, sauti ya ndani iliuliza, "Nani huyo, Halima?" Niliijua ile sauti. Mjomba alikuja mlangoni akiwa na kofia ya mviringo kichwani. Alikuwa amekonda na nywele za kidevuni zimeanza kuwa nyeupe. Alinitazama muda mrefu.

"Wakesho?"

"Shikamoo, mjomba."

Hakuitikia. Alikaa chini pale pale kizingitini, na Halima ilibidi amruke ili aje kunishika mkono.

Tulipewa chai ya tangawizi. Mjomba alinisimulia habari ya igizo kwanza, nadhani kwa sababu ndiyo ilikuwa rahisi. Alikuwa kibarua katika kiwanda cha sabuni huko Industrial Area. Asubuhi moja hakukuwa na kazi, na watu wa televisheni wakafika langoni wakitafuta mwanamume mwembamba anayeweza kulala bila kupepesa jicho. Alilala juani hadi mchana. Nzi alitembea mdomoni mwake naye hakutikisika, na mwongozaji alimpongeza mbele ya watu wote.

"Mama alikuona," nilimwambia.

"Aliniona wapi?"

"Nyumbani. Kwenye televisheni."

"Kwani inafika Voi?" aliuliza, na uso wake ukabadilika.

Nilimweleza jinsi mama alivyosimama. Alivua kofia akaikunja, akaikunjua. Halima aliacha kukanda unga.

Yaliyobaki aliyasema kwa sauti ndogo. Halima ni Mbajuni wa Kismayu. Vita vilipoingia kwao alikimbia na mama yake wakaja Nairobi, wakapanga chumba jirani na cha mjomba. Mjomba alipotaka kumwoa alisilimu, na sasa jina lake ni Yusufu. Hakulazimishwa, alisema, na hajuti. Ila kila alipofikiria kwenda Voi alimwona dada yake akiwa na kitambaa cheupe cha Umoja wa Wanawake kanisani, na miguu ikakataa. Krismasi moja ilipita, ikapita ya pili, na baada ya hapo hakujua angeanzia wapi.

"Mwambie niko hai," alisema. "Mwambie nina kazi na nina nyumba. Hayo mengine yaache hapa hapa."

Niliona ni ombi la haki, na nilikuwa karibu kukubali. Halima ndiye aliyekataa.

"Wakesho," alisema, "mimi nimeacha ndugu zangu Kismayu na sijui nani yu hai na nani hayupo. Nikisikia mtu katoka huko, naenda mbio kumuuliza. Huyu ana dada anayemtafuta, naye anajificha kwa sababu yangu. Mimi si jambo la kuficha. Mtajie mama yako jina langu."

Nafula alijifanya anaangalia majani ya chai. Mjomba aliinuka, akatoka nje, na kupitia pazia nilimwona amesimama kwenye bomba la maji, mabega yake yakitikisika. Mtoto aliyepita na ndoo alimsalimu, "Marehemu, sasa?" na mjomba akainua mkono bila kugeuka.

Jumapili asubuhi alinisindikiza kituoni. Hatukuwa tumerudia mazungumzo yale. Basi lilipowashwa alikuja dirishani na kunishika mkono.

"Sema yote," alisema. "Ukianza wewe, mimi nitaweza kumalizia. Peke yangu sikuweza kuanza."

Njiani nilifikiri juu ya nilichokiona. Igizo lilikuwa limetuonyesha Eastlands kama mahali watu wanapokwenda kupotea, nasi tulilisadiki kwa kuwa lilikuja na picha. Mjomba hakupotezwa na Eastlands. Mji ule ulimpa kazi, mke na jina la utani. Aliyemfanya apotee ni dada yake aliyekuwa akimwona kichwani, mkali kuliko yule ninayeishi naye. Angalau hivyo ndivyo nilivyotumaini, na kadiri Voi ilivyokaribia ndivyo nilivyozidi kukosa hakika.

Jioni mama alikuwa amekaa nje akinisubiri.

"Anapumua?"

"Anapumua, mama."

Alifumba macho. Nilikaa kando yake nikamwambia yote, kiwanda, Halima, Kismayu, jina jipya. Nilipofika kwenye jina alinizuia kwa kiganja.

"Mimi ndiye niliyemshika mkono siku ya kubatizwa," alisema. Aliingia ndani akafunga mlango wa chumba chake.

Jumatatu hakulitaja jambo hilo. Jumanne pia. Alikwenda mkutano wa akina mama kanisani akarudi, akapika, akala kidogo. Alhamisi majirani walikuja kutazama igizo naye akawaambia betri imekwisha, ingawa haikuwa imekwisha.

Jumamosi tulikuwa tunachambua maharagwe. Aliinua kichwa akatazama kuku waliokuwa wakiparua uani.

"Hawa watu wakija," alisema, "kuku nitamchinja mimi, nao hawatamla. Si ndivyo?"

"Ndivyo, mama."

Alichambua punje nyingine kadhaa.

"Basi inuka uende kwa Bwana Salimu wa mafuta ya taa," alisema. "Muulize kama anaweza kuja kutuchinjia."