Mchekeshaji Asiyetaka Pole

Mwana wa muuza samaki wa Grimsby, mji wa bandari Uingereza, mjukuu wa mpiga tarumbeta mlevi, mvunja viti, mdondosha suruali mbele ya mameya na maaskofu: huyo ndiye mchekeshaji ambaye Bi Hilda, mvalishaji wa waigizaji ukumbini, amemvalisha tangu wote wawili wakiwa na meno yao. Kila mchana kabla ya onyesho hula kitunguu kilicholowekwa siki, humpumulia makusudi mwigizaji wa kike atakayembusu, kisha hutoa tumbo mbele ili Bi Hilda amshonee kifungo cha suruali kwa uzi mbovu, upate kukatika pale anapoanguka ngazini. Mikono ya mchekeshaji hutetemeka akishika kikombe cha chai. Muziki ukianza jukwaani, hutulia kama ya fundi saa.

Leo suruali ilidondoka vizuri, naye akabiringika vizuri, ila mama mmoja wa mstari wa mbele akapaza sauti, "Maskini, babu wa watu! Mwinueni!" Ukumbi mzima ukanyamaza. Mchekeshaji alirudi chumba cha kuvalia akajitupa kitini, suruali ingali miguuni.

"Goti linauma?" Bi Hilda akamuuliza.

"Goti halina neno. Wamenihurumia, Hilda! Mchekeshaji akishahurumiwa, chimbeni kaburi."

"Basi ivue kwanza. Hiyo suruali ni mali ya ukumbi."

Hakucheka. "Kesho kaa mstari wa mbele. Nikigusa sakafu, cheka wewe kwanza, tena kwa sauti, wenzako wapate ruhusa."

"Mimi? Tangu lini nikakucheka?"

"Ndiyo maana nakwambia leo," akasema, akimkabidhi kitunguu kilichobaki. "Kampumulie mtu, umcheke anavyokunja uso. Kafanye mazoezi."