Fa Niliyowategea Besi

Jamani, hili jambo nilikusudia kufa nalo, na mke wangu alinikataza kabisa kulisimulia, lakini kwa kuwa waliokuwepo Kiomboi siku ile wameshalisambaza mpaka Manyoni (na kila mmoja ameongeza chumvi yake), bora mlisikie kwangu mimi mwenyewe niliyeaibika.

Mnajua mimi ni mtunzi wa nyimbo za kwaya, na mnajua pia kwamba simwamini mtu. Sisi watunzi wa mikoani tuna ugonjwa huo, unawasha redio asubuhi unakuta wimbo wako unaimbwa na kwaya usiyoijua, ukiulizia mtunzi unaambiwa hajulikani, na wewe uko hapo hapo nyumbani Utemini unakunywa chai. Kwa hiyo Mama Joyce, mchapishaji wa vitabu vya nyimbo kutoka Dodoma, aliponipigia simu kwamba anaandaa kitabu na angependa wimbo wangu wa mavuno uwe wa kwanza, sikufurahi kama mtu mwenye akili zake. Nilijiuliza, namba yangu kapewa na nani? Kwa nini wa kwanza? Na mbona anaongea vizuri hivi?

Akaniambia nakala niipeleke tu kwa Mzee Mkumbo, mkutubi wa maktaba ya nyimbo hapa Singida, yule mzee anayetunza nota za kwaya kibao kwenye mafaili yake na kuziazima kwa walimu wa kwaya wakanakili. Akasema kitabu hiki kikipokelewa vizuri, atanitolea kitabu changu peke yangu, nyimbo zangu tupu. Nilikuwa nimekiota kitabu hicho kwa miaka mingi, na ndiyo maana nikazidi kuogopa, maana mtu akikugusia unachokitaka sana lazima ujiulize anakitaka nini kwako.

Nikafanya uamuzi mdogo tu. Nilikaa mezani nikaandika wimbo upya kwa mkono, sauti zote nne, ila kwenye kiitikio, pale ambapo wote wanatua pamoja, na besi, ile sauti nene ya chini ya wanaume, wanatakiwa watue kwenye do, mimi nikawaandikia fa. Mara mbili. (Kwa asiyesoma nota, ni kama kutia vitunguu kwenye uji.) Nilipanga kwamba wakiiba, wataiba kitu kibovu na nitawatambua popote watakapokiimba, na wakinipa mkataba, nitawapa nakala nzuri. Nikampelekea Mzee Mkumbo nakala hiyo, na sikumwambia mtu yeyote, hata mke wangu.

Siku tatu baadaye Mzee Mkumbo akanitumia ujumbe: “Mwalimu habari za kazi. Kwenye kiitikio, sauti ya besi, naona fa. Je, ni sawa?” Nikaruka kwenye kiti. Ndio hao! Mkataba bado, wanataka nakala nzuri bure! Nikajibu kwa herufi kubwa, MSIGUSE HATA NUKTA MOJA YA KAZI YANGU, nikaweka simu mfukoni nikijiona mjanja kuliko mkoa mzima.

Mkataba ulipokuja nikausoma wiki nzima nikitafuta pa kunasia, nikakosa. Pamoja nao ilikuja nakala ya kukaguliwa na mtunzi kabla ya kuchapwa, na hapo ndipo nilipojimaliza, kwa sababu badala ya kukagua nota nilikagua jina langu. Lipo ukurasa wa kwanza? Lipo. La pili? Lipo. Nikasaini kila ukurasa kwa furaha. Ile fa ilikuwa imeshatoka kichwani kama haijawahi kuwepo.

Uzinduzi wa kitabu ukapangwa Kiomboi, kwaya sita ziuimbe wimbo wangu kwa pamoja, mimi ndiye niongoze. Kila kwaya ilijifunza kwao kwa nakala ya maktaba, isipokuwa ile ninayoifundisha mimi, ambayo imeuimba wimbo huo tangu zamani. Mama Joyce aliomba tufanye mazoezi ya pamoja asubuhi, nikakataa (nilihofia watu watarekodi kwa simu kabla ya uzinduzi). Akasema, “Sawa mwalimu, wewe ndiye mwenye wimbo.” Hata hiyo niliishuku.

Basi siku ikafika, ukumbi umejaa, wazee wa heshima mbele, mimi kwenye suti. Nikainua mikono. Ubeti wa kwanza uliimbwa mpaka nikahisi machozi, halafu tukaingia kwenye kiitikio, tukafika pale pa kutua, na besi wa kwaya tano wakatua kwenye fa kwa nguvu zao zote, huku besi wangu mwenyewe, ambao wanaujua wimbo kwa kichwa na hawajawahi kuiona ile nakala, wakatua kwenye do. Sijui niwaelezeje ule mlio. Mama mmoja mstari wa mbele alishika meno.

Mtu mwingine angemaliza wimbo akae kimya. Mimi nikashusha mikono, nikachukua kipaza sauti, nikawaambia watu wote wale kwamba wimbo wangu umechakachuliwa, kwamba mchapishaji na mkutubi wamebadilisha nota makusudi ili kesho wadai ni wimbo mwingine na mtunzi mwingine, na kwamba nilijua tangu siku ya kwanza. Nilisema “tangu siku ya kwanza” mara tatu. Kuna watu walianza kupiga makofi.

Mzee Mkumbo akainuka taratibu kutoka alipokaa na faili lake. Nikamwamkia, maana hata ukiwa na hasira mzee ni mzee.

“Shikamoo.”

“Marahaba, mwalimu. Hebu nisaidie macho. Huu mwandiko ni wa nani?”

Nikatazama. Ilikuwa karatasi yangu, wino wangu, fa yangu. Hapo ndipo nilipokumbuka. Akafunua ya pili, nakala ya kukaguliwa, saini yangu chini. Na kwa kuwa kipaza sauti nilikuwa bado nimekishika, karibu na mdomo wake, aliposoma kwenye simu yake ule ujumbe wangu wa herufi kubwa ukumbi mzima ulisikia, hadi mama wa mstari wa mbele. Watu walicheka mpaka wengine wakatoka nje. Besi wa kwaya ya Sepuka waliendelea kuimba fa, fa, fa, kwa kunikomoa.

Mama Joyce hakucheka. Alinifuata nje akaniambia kwa upole, “Kitabu chako tukipumzishe kwanza, mwalimu.” Nikasema sawa. Mpaka leo kimepumzika.

Wiki iliyofuata nilienda maktaba kuomba radhi. Nilimkuta Mzee Mkumbo anapanga mafaili, nikamwambia yote, nikitegemea anifokee. Akanivutia kiti.

“Mimi nimeimba besi tangu kijana,” akasema. “Uliponijibu vile, nilikaa na karatasi yako siku nyingi, naimba peke yangu hapa, nikadhani sikio langu limezeeka. Nikawaambia na nyumbani kwamba nadhani kazi hii sasa imenishinda. Ungesema tu kwamba huniamini, mwalimu. Ningeelewa.”

Ukumbi ule wote haukuniumiza kama maneno hayo. Nililia, nasema kweli, mtu mzima, mbele ya mafaili.

Kuibiwa naogopa bado, sitawadanganya, na mikataba naisoma mpaka kope zinauma. Lakini nimeapa nota nitakayompa mtu itakuwa ile ile ninayoiimba mwenyewe, na nikimshuku mtu nitamwambia ana kwa ana kwamba namshuku. Nimeanza na Mzee Mkumbo. Nikipeleka wimbo mpya siondoki kwanza, nakaa aimbe besi yote mbele yangu, na akisita mahali, nafuta.