Siku Gorfa ya Akko Ilipofungua Mdomo

“Kwani hii inakula nini humu ndani?”

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne niliuliza swali hilo mbele ya darasa zima, mkono juu, na hakuna aliyenijibu. Wenzangu walicheka. Mwalimu wetu wa darasa alinitupia lile jicho la “tutaonana shuleni”. Naye Mwalimu Mutwiri, mzee mstaafu aliyekuwa akituongoza, alisafisha koo akasonga mbele, akaanza kutueleza habari za kengele za ngamia.

Sikuwa nafanya mzaha. Nilikuwa nauliza hali ya mtu wa nyumbani.

Tulikuwa ndani ya ile nyumba ya mawe ambayo wakati wa Wazungu alikaa daktari wa mifugo. Kila mtoto wa Isiolo wa rika langu aliijua kwa nje: mabati mekundu, veranda ya nguzo za mbao, kuta nene kama za gereza. Kwa ndani hatukuijua hata kidogo. Sasa Mwalimu Mutwiri na wazee wenzake wachache walikuwa wameifanya makumbusho madogo ya mji, na darasa letu lilikuwa la kwanza kualikwa. Wacha we! Nilipiga pasi sare yangu mara mbili. Njia nzima nilitembea mbele ya mstari, nikirudishwa nyuma, nikipenya tena mbele. Vyumba vilikuwa vitatu tu, lakini kwangu mimi ilikuwa Nairobi nzima. Kulikuwa na mikuki, picha za foleni za ng'ombe wakisubiri sindano, taipureta yenye kutu, na ukutani mahali pa kuotea moto, kweli kabisa, bomba la moshi na kila kitu, Isiolo hii ambako mbuzi wenyewe hugombania kivuli. Tulicheka mpaka tukashika mbavu.

Na katika chumba cha mwisho, ndani ya kabati la kioo lenye kufuli, kulikuwa na gorfa yetu.

Hapo inabidi nirudi nyuma mwezi mmoja. Gorfa ni chombo cha maziwa cha Waborana. Mwanamke huifuma kwa nyuzi za mizizi, miezi na miezi, akiikaza mpaka inashika maziwa bila kuvuja tone, na binti akiolewa anaondoka nayo. Ile yetu ilifumwa kijijini Biliqo na mama yake Akko. Akko ndiye nyanya yangu, mama ya mama yangu; ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kiborana. Ilifika mjini pamoja naye alipokuja kuishi kwetu, na kwa kuwa mimi ndiye mjukuu wa kike wa kwanza, kila mtu alijua siku moja itakuwa yangu.

Mwalimu Mutwiri alipokuja nyumbani kuomba vitu vya zamani, Akko aliitoa mwenyewe. Lakini kabla ya kuiachilia alizungumza kwa Kiborana, polepole, huku mikono yote miwili bado imeishika. Alisema gorfa ina uhai. Inakula moshi, inakunywa samli. Ikishinda njaa mpaka mwezi mwingine uandame, itafungua mdomo kuelekea mlangoni na kumwita mwenyewe. Na mwenyewe akiitwa namna hiyo asiitike, nyumba yake inakauka: ng'ombe wanakauka maziwa, binti anakauka tumbo.

Mwalimu alimgeukia Mama. “Anasema nini?”

“Anasema muiangalie vizuri,” Mama akajibu.

“Bila shaka! Tutaiweka kwenye kioo.”

Mwalimu alipotoka tu nilimrukia Mama. “Mama, umeacha mengi!”

“Nyamaza, Talaso. Unataka mwalimu aende kutangaza mjini kwamba kwetu ni washirikina?”

Nikanyamaza. Lakini binti wa hiyo nyumba ni nani? Si mimi? Nilikuwa na miaka kumi, sikujua vizuri tumbo hukauka vipi, na kwa hivyo kila jioni nilikunywa maji vikombe vinne kujikinga.

Sasa mnaelewa kwa nini niliuliza kile nilichouliza pale makumbushoni. Kadi iliyowekwa miguuni pa gorfa iliandikwa kwa herufi nzuri za mwalimu wa zamani: KIKAPU CHA NAFAKA. Sikujua nicheke au nilie. Leo namwelewa mzee yule. Ni Mmeru, amezaliwa shambani, na kwao kitu kilichofumwa kwa mkono ni cha kubebea mahindi na maharagwe. Alitazama gorfa akaona alichokizoea. Lakini siku ile damu ilinichemka. Nafaka? Sisi tulilima wapi?

Darasa liliposogea kwenye kengele, mimi na rafiki yangu Nakiru tulibaki. Nilibandika pua kwenye kioo. Gorfa ilikuwa imepauka, kijivu kama kisigino cha mtu aliyetembea kutoka Oldonyiro. Nikazunguka upande wa pili wa kabati, upande unaotazama mlango.

Ilikuwa imepasuka. Ufa wa urefu wa kidole changu cha kati, umeachama katikati, kama mdomo wa mtu anayetaka kusema jambo.

Nilipiga yowe. Darasa zima likarudi mbio.

“Nani ameigusa?” mwalimu wetu akafoka.

“Si mimi! Imefungua mdomo yenyewe! Akko alisema!”

“Talaso, acha uongo.”

“Mwalimu,” Nakiru akaingilia, mpole kabisa, “kioo kina kufuli. Angeigusa na nini, macho?”

Kicheko kilichofuata kilitugharimu. Ziara iliyobaki tuliimalizia nje kwenye veranda, tumepiga magoti, Nakiru akininong'onezea, “Na hiyo gorfa yenu, ikimaliza kuita, inauma?” Nilitaka kulia, nikacheka. Niliogopa, ndiyo. Ila chini ya woga kulikuwa na kitu kingine, furaha kali, karibu isiyo na adabu: Akko alisema kweli. Nyanya yangu, ambaye Mama alimfupisha hadi maneno matatu, alikuwa amesema kweli!

Nilikimbia nyumbani. Nilimkuta Akko akichambua mchele na nikamwambia yote kwa pumzi moja. Hakushtuka. Aliuliza kitu kimoja tu.

“Mdomo umeangalia wapi?”

“Mlangoni.”

Akaweka sinia chini. “Basi kesho tunaenda.”

Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akko alivaa shuka lake la Idi. Alibeba kichupa cha samli, sindano ndefu, kifundo cha nyuzi, na vijiti vya mti wa kufukizia ambavyo jamaa humletea kutoka Biliqo. Mama alisema ana kazi dukani. Nadhani hakutaka kuwepo. Kwa hivyo mkalimani alikuwa mimi. Katika maisha yangu sijawahi kupewa cheo nikakipenda kama kile.

“Salaam aleikum,” Akko akasema mlangoni.

“Aleikum salaam, mama, karibu sana,” Mwalimu Mutwiri akajibu, akiwa na wasiwasi. Uso wake ulisema ameuona ufa na hakulala vizuri.

Akko alimtazama, akaniambia kwa Kiborana: mwambie nimesikia nikiitwa, nimekuja kumlisha mtoto wa mama yangu.

Nikajiweka sawa. “Anasema mmeinyima chakula gorfa mwezi mzima, halafu mmeiita kikapu, na sisi hatuna nafaka, na huo ni ujinga mtupu.”

Akko akanigeukia. “Mimi sikusema ujinga,” akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho nilikuwa nimesahau kabisa kwamba anacho. “Sema ile kitu nimesema.”

Mwalimu alikohoa kuficha kicheko. Nikasema tena, sawasawa safari hii, neno kwa neno, mpaka na habari za nyumba kukauka. Nilidhani atacheka. Alivua miwani. “Haya yote aliyasema siku ile?”

“Yote.”

“Mimi niliambiwa tu niiangalie.”

Alifungua kufuli, akatoa gorfa kwa mikono miwili, akampa Akko. Yeye aliinusa kwanza. Akatikisa kichwa kama daktari aliyefika kwa kuchelewa, lakini si kwa kuchelewa sana. Kisha akaomba makaa.

Hapo ndipo mzee alipokaza shingo. “Mama, samahani. Ndani ya hii nyumba hatuwashi moto. Ni nyumba ya kale. Hiyo ni sheria yetu, hata sigara hairuhusiwi.”

Nilivuta pumzi nimjibu. Akko alinizuia kwa mkono. Alizungusha macho chumbani bila haraka, ukuta huu, ukuta ule, kisha akanyoosha kidole kwenye mahali pa kuotea moto.

“Na hii shimo nyeusi,” akauliza, “ilikuwa ya kuwekea nini?”

Mwalimu aligeuka akalitazama.

“Ya... ya moto, mama.”

“Haya.”

Nimeshiriki midahalo mingi chuoni. Nimewahi kupigiwa makofi na ukumbi mzima, nimewahi kumkalisha mtu mwenye suti na kamusi. Sijawahi kushinda hoja kwa ufupi ule.

Mwalimu mwenyewe alivuka barabara akaomba makaa kwa mama wa chai. Akko aliketi sakafuni mbele ya lile shimo ambalo huenda lilikuwa halijaona moto tangu Mzungu aondoke. Alipaka samli kwenye ufa, akangoja inywe, akapaka tena. Nyuzi zilipolegea alishona, akivuta kwa meno. Kisha aliwasha vijiti, akavitumbukiza ndani ya gorfa vikiwa vinafuka, akafunika, akatikisa. Alipofunua, moshi ulipanda na harufu ikajaza nyumba, ile harufu ya maziwa ya nyumbani, nami nikaanza kurukaruka kama mwendawazimu. Gorfa ilikuwa inabadilika rangi mbele ya macho yetu! Kijivu kilikuwa kinarudi kuwa kahawia.

Mwalimu Mutwiri alikuwa ameketi sakafuni pia, daftari gotini, akiuliza maswali: mti gani, mara ngapi, nani aliifuma. Jina la mama yake Akko aliliandika akalisoma kwa sauti ahakikishe. Alichukua ile kadi ya nafaka akaitupa kwenye makaa bila kusema neno.

Kisha akasema, “Mama, ukitaka kurudi nayo nyumbani, ni haki yako.”

“Twende nayo, Akko!” Nilishaishika mkanda.

Akko akanitoa mkono. “Nyumbani inaonwa na mimi na panya,” alisema. “Hapa watoto wote wanaiona. Ikae. Mwezi ukiandama nitakuja, anifungulie.”

“Na mdomo je? Si imeita?”

“Imeita, nimeitika. Ulitaka nini tena?”

Na alikwenda. Kila mwezi, miaka yote niliyokuwa shule, mpaka ikawa watu wanajua: leo moshi unatoka kwenye bomba la nyumba ya daktari, mwezi umeandama.

Chuoni nikisimulia kisa hiki kuna mtu huinua mkono haraka. Nyuzi zikikauka hupasuka, ananiambia, na mlangoni ndiko jua lilikoingilia. Sawa. Nakubali yote mawili. Sasa niambie, kati ya watu wote waliokuwa kwenye nyumba ile, ni nani aliyesema mapema kwamba itapasuka, lini, na upande gani? Jambo hilo mnaliita imani kwa sababu aliyelisema alikuwa mwanamke mzee na alilisema kwa Kiborana. Kuhusu tumbo kukauka, sijui, na kusema kweli sina haraka ya kujua.

Lakini hasira yangu nyingine inanirudia mimi. Mwaka wa kwanza, msichana tuliyekaa naye chumba kimoja aliniuliza nyanya yangu anaamini nini. Nilitazama pembeni nikacheka. “Mambo ya zamani,” nikamwambia. Maneno matatu. Nilikuwa nimemlaumu Mama miaka kumi kwa idadi hiyohiyo. Siku ile ndipo nilipoelewa kwamba Mama hakumdharau Akko. Aliogopa jinsi sisi sote tutakavyotazamwa. Hofu hiyo haikauki haraka, na haiishi kwa kuwa msomi.

Mwezi uliopita hakuna aliyekwenda. Mwalimu Mutwiri amezeeka, funguo zinashikwa na kijana mpya ambaye hajui kisa hiki, na Akko magoti yamemgomea. Hawezi kupanda ngazi za veranda peke yake. Mama ana duka. Mimi nina mitihani mpaka mwisho wa muhula, na kwa simu siwezi kumshika mtu mkono. Nimemuuliza Akko kama ana wasiwasi. Amesema gorfa ina subira kuliko mimi, lakini si sana.

Kwa hivyo wewe unayesoma haya ukiwa Isiolo, mwezi unaandama wiki hii. Nyumba yetu, ulizia kwa Akko Darare, iko nyuma ya msikiti, mlango wa kijani, na vijiti na samli viko tayari kwenye kikapu chake. Ngazi zenyewe ni vidato vinne tu. Tafadhali nenda umpeleke.